Acheni Kuinunulia Miguu Yenu Taa

Wasee, kasirikeni mkitaka: skeiti nyingi mnazonunua ni vitu vya kuchezea watoto vilivyobandikwa bei ya watu wazima. Taa zinawaka, rangi ni kali, kwenye video zinatoka fiti kabisa. Halafu unazileta kwa barabara ya Kehancha, kokoto moja inakwama mbele ya gurudumu, na uko chini huku boda inakuja.

Na lawama kubwa si ya muuzaji. Ni yetu sisi watu wa kontenti. Mtu anapewa skeiti bure, anazunguka mara mbili kwa sakafu ya tailsi, anatangaza ni moto. Hajawahi kushuka nazo mteremko hata mmoja. Hajui breki inashika vipi kukiwa na mchanga chini. Lakini wewe umeshamwomba mzazi pesa ya mahindi.

Swali la kwanza si rangi. Ni hili: utaskeiti wapi? Hapa kwetu lami ipo, lakini mvua ikinyesha inaburuta mchanga juu yake, na ukitoka lami tu umeingia changarawe. Sasa linganisha na paki ya Shangilia kule Nairobi, iliyofunguliwa 2013. Kule ni saruji nyororo yenye miinuko na kingo. Hizo ni dunia mbili, na haziendeshwi na gurudumu moja.

Ugumu wa gurudumu huandikwa kwa namba yenye herufi A. Kuanzia 78A hadi 82A ni laini: linameza mtikisiko wa lami mbovu, ingawa linaisha haraka. Kuanzia 88A kwenda juu ni gumu, la paki. Kipenyo nacho kina maana. Skeiti za paki huwa na vigurudumu vidogo, milimita 60 hivi au chini, ili uwe karibu na sakafu na uteleze juu ya kingo. Ukivileta kwa lami yetu kila ufa utakusimamisha. Hapa unataka milimita 80 au zaidi. 100 na 110 zinapita juu ya nyufa vizuri. Na kama ndoto yako ni changarawe tupu, kuna skeiti za magurudumu ya upepo, milimita 125 au 150. Hiyo ndiyo safari ya nje ya lami. Usidanganywe kwamba gurudumu la plastiki lenye taa litakufikisha huko.

Najua mtauliza: kwani ninunue pea mbili? Hapana. Na hapa ndipo watu wa matangazo hawafiki kabisa.

Geuza skeiti uangalie chini. Fremu imeshikwa na nini? Kama ni riveti, umefungwa ndoa ya maisha: fremu ikivunjika, skeiti imekufa. Kama ni bolti, unaweza kubadilisha. Buti za mfumo wa UFS zina mashimo mawili yaliyoachana kwa milimita 165, na fremu za mfumo huo zipo za paki na pia za magurudumu makubwa ya barabarani. Buti moja, fremu mbili. Leo lami, kesho paki, na kazi yote ni kufungua bolti mbili na kuzikaza tena. Doo yako iende kwa buti na bolti. Magurudumu utanunua mengine yakiisha, na yataisha tu.

Wanaoteleza juu ya theluji walielewa hili kitambo. Kenya tunao wetu: Philip Boit alishindana Nagano 1998, Sabrina Simader akashuka mteremko Pyeongchang 2018. Katika mchezo wa Simader, kifaa kinachofunga buti kwenye ski hurekebishwa kulingana na uzito wako, buti yako na uwezo wako, ili ukianguka vibaya kiuachie mguu kabla haujavunjika. Skeiti haina kitu kama hicho. Ukianguka, inaanguka na mguu wako ukiwa ndani. Ndiyo maana buti inayoshika kisigino na kifundo si starehe. Ukivaa na kisigino kinainuka, rudisha. Ukikunja shingo ya buti kwa mkono na inalala kama soksi, rudisha.

Halafu kuna hii ya ABEC. "Beringi ni ABEC 9, ni za mapro!" Manze, hiyo namba ni kipimo cha usahihi wa kutengeneza beringi za mashine viwandani. Haikuambii beringi itastahimili vipi kuruka na vumbi letu. Beringi ya kawaida iliyosafishwa inaishinda ABEC 9 iliyojaa mchanga.

Ukinunua mtumba, bonyeza gurudumu kwa kucha na ukunje plastiki ya buti kidogo. Plastiki ya zamani huzeeka hata bila kutumika. Ikimeguka au ikionyesha nyufa, iache hapo hapo hata kama ni bei ya chapati. Na ubakishe pesa ya helmeti na vilinda viganja, kwa sababu mkono ndio unaotangulia chini.

Najua kuna mtu atasema, "Wewe uliacha chuo, unatufundisha nini?" Boss, kuhesabu bolti hakuhitaji digrii.

Kwa hivyo wenzangu wa kontenti: kabla hujasema ni moto, tuonyeshe chini ya buti, shuka nazo kwa lami yenye mchanga, na useme nani alizilipia. Na wewe unayenunua, muulize muuzaji swali moja tu: fremu inafunguka? Akianza kukuwashia taa, toka dukani.