Mwili si Ganda

Katika misiba ya Wakristo wa Afrika Mashariki kuna kauli ambayo ni nadra mhubiri kuiacha: kilicholala jenezani ni ganda tu, mwenyewe keshaondoka. Waombolezaji huitikia amina, na anayeitamka hana nia mbaya, anatafuta neno la kuwafariji wafiwa. Ila kauli hiyo haibaki makaburini. Inarudi nasi nyumbani, inapanda mimbarini Jumapili, inaingia katika mahubiri ya kufunga, ya maradhi na ya umaskini, mpaka inakuwa imani kamili: kwamba mtu halisi ni roho, na mwili ni nguo ya kuazima. Wengi huona kwamba kuamini hivyo ndiko kumcha Mungu. Mimi nasema imani hiyo haikutoka katika Biblia, inamshusha binadamu thamani, na imekwisha kugharimu uhai wa watu.

Wazo la kwamba mwili ni kifungo cha roho lilikuwa na watetezi wake Ugiriki. Plato aliliandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia jambo jingine. Mungu anaufinyanga udongo, anaupulizia pumzi, na mtu anakuwa nafsi hai. Kitenzi hicho kina uzito wake: mtu hakupewa nafsi kama anavyopewa koti, yeye mzima alikuwa nafsi. Neno la Kiebrania linalotumika hapo, nefesh, huweza kuwa na maana ya koo, uhai, au mtu mwenyewe na njaa yake na kiu yake. Injili nayo inafuata njia hiyo hiyo. Yohana anaanza kwa kusema Neno alifanyika mwili, kisha anamwonyesha Yesu akilia kwa ajili ya Lazaro. Kama kaburini mle mlikuwa na ganda tu, kulikuwa na haja gani ya machozi, na haja gani ya kumtoa? Yesu mwenyewe alipofufuka hakuacha ganda nyuma. Kaburi lilikutwa tupu, Tomaso alionyeshwa makovu, na Luka anaeleza kuwa mfufuka alikula samaki wa kuokwa mbele ya wanafunzi wake.

Kanisa la mwanzo lilijua hatari ya kuligeuza jambo hili. Walikuwapo waliofundisha kwamba Kristo alionekana tu kuwa na mwili, kwa kuwa waliona ni aibu Mungu kuvaa nyama na damu. Mmoja wa waliokaribia fundisho hilo, Marcion, alitengwa na kanisa la Roma mwaka 144. Miaka arobaini hivi baadaye Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika kitabu kirefu kuwapinga watu wa namna hiyo, akishikilia kwamba Mungu aliyeumba udongo ndiye huyo huyo anayeuokoa. Ndiyo maana Kanuni ya Imani ya Mitume inataja ufufuo wa mwili waziwazi. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanaikiri kanuni hiyo kwa midomo yao, kisha baadhi yao wanakwenda mazikoni kuukana mwili ule ule waliokiri kuwa utafufuka.

Msomaji ataniuliza kama haya si mabishano ya wanateolojia tu. La hasha. Mwaka 1667 bunge la koloni la Virginia, huko Marekani, lilitunga sheria iliyotamka kuwa ubatizo haumtoi mtumwa katika utumwa wake. Mabwana walikuwa na wasiwasi kwamba mtumwa akiwa Mkristo watalazimika kumwachia huru. Sheria ikawaondolea wasiwasi kwa kumpasua mtu vipande viwili. Roho yake ikapewa mbingu, mikono na mgongo vikabaki mali ya shamba. Hakuna aliyehitaji kusema kwamba Mwafrika hana roho. Ilitosha kusema kwamba roho ndiyo yenye thamani. Na hapa kwetu, mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, serikali ilianza kufukua makaburi ya watu wanaodaiwa kushawishiwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, ya watoto ikiwemo, na uchunguzi ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa. Mhubiri wa msibani hafanani na aliyewanyima watoto chakula, na ni dhuluma kuwaweka kapu moja. Lakini anayefundishwa maisha yake yote kwamba mwili ni ganda atapata wapi hoja ya kumjibu anayemwambia alivue mapema?

Walioamini kinyume chake walitenda kinyume chake. Karibu na mwaka 380 Gregori wa Nisa, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliwahubiria wenye watumwa akiwauliza ni bei gani inayoweza kumnunua kiumbe aliyefanywa kwa mfano wa Mungu. Kaka yake, Basili, alijenga nje ya mji wa Kaisaria makao ya kuwatunza maskini na wenye ukoma, watu ambao miili yao wengine walikataa hata kuitazama. Unguja, soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa Mkunazini, papo hapo palipokuwa na soko, siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Madhabahu, kwa mujibu wa masimulizi, ipo pale uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Waliochagua mahali hapo walielewa kwamba viboko vile vilimpiga mtu, havikupiga ganda lake.

Wapo watakaomleta Paulo, aliyeandika kwamba mwili hushindana na Roho. Hoja hii ina nguvu katika Kiswahili kwa sababu neno letu moja, mwili, limebeba maneno mawili ya Kigiriki. Sarx ndilo analolitumia anapokemea asili iliyoasi. Sōma ndilo analolitumia anapoita mwili hekalu la Roho Mtakatifu. Tena katika Wagalatia 5, orodha yake ya matendo ya mwili ina husuda, uadui na faraka, dhambi ambazo hazihitaji kiungo chochote zaidi ya moyo mbaya. Wengine watamnukuu Yesu katika Mathayo 10, anapowaambia wanafunzi wasiwaogope wauao mwili. Waendelee kusoma. Anawapa ujasiri watu wanaowindwa, na mistari miwili tu mbele anawaambia kwamba hata nywele za vichwa vyao zimehesabiwa. Ganda halihesabiwi nywele.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaohofu kwamba kuutukuza mwili ni kuwafungulia mlango wahubiri wa magari na majumba. Hofu yao ina msingi, ila wamekosea kumtambua adui. Injili ya utajiri nayo inaudharau mwili: inaupenda ukiwa na afya na pesa, ukiugua inaulaumu kwa uhaba wa imani. Mathayo 25 inaweka kipimo kingine. Hukumu inasimama juu ya chakula, maji, nguo, mgonjwa na mfungwa, na Kristo anajihesabu ndani ya miili hiyo hiyo iliyodhoofu. Mwenye njaa hakuulizwa kwanza hali ya roho yake.

Wafiwa wenyewe wanalijua hili kuliko mahubiri wanayosikiliza. Wanamwosha marehemu, wanamvika nguo zake nzuri, wanachanga fedha kumsafirisha mamia ya kilomita hadi nyumbani kwao, na wanamwita kwa jina lake mpaka udongo unapomfunika. Wahubiri wetu waache kuwasahihisha. Wawaambie kwamba huyu wanayemzika ni mtu wao kweli, kwamba kifo ni adui kama Paulo alivyokiita, na kwamba Mungu aliyemfinyanga hajamalizana na udongo huo. Kisha, wakitoka makaburini, wakamtazame mgonjwa ambaye bado yuko hai na hajapelekwa hospitali.