Bando na unga ni pesa zile zile

Mhariri,

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) ilirusha masomo redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Huku kwetu Kinango, nyumba nyingi zilikuwa na simu moja ya maana, ya baba, naye hushinda nayo kazini. Ikirudi jioni haina chaji, na pesa za bando ni zile zile za unga. Watahiniwa na Gredi ya 4 walirudi darasani Oktoba. Wenzao walingoja hadi Januari 2021. Wengine, hasa wasichana, hawakurudi kabisa, na hilo linaniuma.

Ili hayo yasijirudie, Wizara ya Elimu ichapishe masomo ya KICD vijitabuni. Shule zenye umeme zifunguliwe jioni, na intaneti ilipwe na serikali.

Mzazi,
Kinango, Kwale