Tarime ni baridi, sawa, lakini jiko la mkaa litoke nje!

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba ndani ya Tanzania hii hii kuna mahali fundi anashindwa kushika randa kwa sababu vidole vimekufa ganzi, atakucheka. Atakuuliza, "Mara si ndiko kwenye nyumbu na jua kali?" Haya, karibuni Tarime mwezi wa saba, halafu tuongee vizuri.

Mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Musoma, pale ziwani, ni kama mita 1,134 tu. Juni hadi Agosti anga la usiku linakuwa jeupe bila wingu, na joto lote la mchana linatoroka kwenda zake juu. Kahawa ya arabika inastawi huku kwa sababu haipendi joto. Hata Mugumu, wilayani Serengeti, mchana utavua sweta lakini alfajiri utalitafuta.

Mimi mchana naandika habari, jioni na Jumamosi nachonga meza na stuli kwenye chumba cha uani: kuta za tofali, bati juu, dari hakuna. Wenye karakana za muda kama mimi tuko wengi: mwalimu anayeshona nguo usiku, karani anayetengeneza redio, kijana anayefungua injini za bodaboda baada ya kazi. Wote tunakutana na swali moja kila kipupwe: tuote nini?

Jibu la haraka la mtaani ni jiko la mkaa. Liwashe nje, likishakolea liingize ndani, funga mlango, endelea na kazi. Na hapo ndipo ninapogomba. Kila msimu wa baridi nchi hii inasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke, halafu tunasema "mapenzi ya Mungu" na kuendelea. Jamani, ile ni hewa yenye jina lake: kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inang'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Unadhani ni malaria au uchovu wa siku. Unakaa chini "upumzike kidogo". Basi.

Watu wengi wanadhani mkaa uliokolea, mwekundu usio na moshi, ndio salama. Hapana! Moshi angalau unakuwasha macho ukatoka nje. Mkaa mwekundu unakuua kwa adabu.

Mzee mmoja jirani aliniambia, "Mwanangu, sisi tumeota moto ndani tangu utoto, mbona tuko hai?" Nikamjibu, "Mzee wangu, shikamoo, lakini nyumba ile ilikuwa ya nyasi." Akacheka, akakubali. Paa la nyasi linapumua. Sisi leo tumejenga kwa tofali na saruji, madirisha ya vioo, na tukisikia baridi tunaziba hadi upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Moto ni ule ule wa babu, nyumba siyo ile.

Gesi je? Mtungi wa kilo 6 ukiuchoma kwa nguvu ya kilowati 2 unakupa kama saa 38 za joto. Siyo haba. Lakini nao unakula oksijeni ya chumba, na hewa ikipungua unatoa sumu ile ile. Tena kila kilo ya gesi inayoungua inamwaga zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Kwa seremala aliyekausha mbao wiki tatu, hiyo ni hasara. Na usisahau: kwenye karakana kuna thina, vanishi, petroli, maranda. Moto wa wazi na mvuke wa thina havijawahi kuwa marafiki.

Inabaki umeme. Hapa tupige hesabu kidogo. Hita ya wati 2,000, saa mbili kila jioni, siku 20 kwa mwezi, ni uniti 80. Wale wa kundi la D1, wenye bei nafuu, wanatakiwa wasizidi uniti 75 kwa mwezi kwa nyumba nzima! Sasa hesabu hita ndogo ya wati 800, ile yenye waya mwekundu inayokupiga joto mwilini moja kwa moja: uniti 32. Na hapo ndipo ulipo msimamo wangu. Mtu anayefanya kazi saa mbili hana haja ya kupasha chumba kizima. Chumba cha bati kikianza kupata joto, wewe unafunga kazi. Pasha joto mtu, siyo bati.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Kwanza dari, hata ya maturubai, kwa sababu joto linapotelea juu. Pili ubao chini ya miguu, maana sakafu ya saruji inanyonya joto kupitia soli. Tatu koti la mtumba na chupa ya uji wa ulezi. Nne ndiyo hita ndogo, ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, siyo kwenye ekstensheni nyembamba, na izimwe kabisa siku ya kupaka vanishi. Gundi ya mbao, inayochelewa kukauka kwenye baridi, igandishe kazi yako mchana jua likiwepo. Umeme ukikatika, funga, nenda nyumbani. Stuli itasubiri.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Safi sana. Lakini angalieni neno lenyewe: kupikia. Nani anazungumza na watu wa Tarime, Njombe na Makete kuhusu kuota? Jiko likishaivisha ugali halizimwi, linahamia chumbani au karakana. Tangazo moja la redio kila mwezi wa sita, la kusema tu "mkaa utoke nje kabla mlango haujafungwa", lingegharimu shilingi ngapi?

Na mwenzako akilalamika kichwa huku jiko liko ndani, usimtafutie panadol. Mtoe nje kwanza, kisha hospitali.

Naomba kutoa hoja.