Sindano ya kupunguza uzito na finyango ya mama (Sehemu ya 4)

 

Sehemu ya tatu tuliishia kwenye nani anafaa na nani hafai kuchoma sindano za kupunguza uzito. Meseji zilizokuja baada ya hapo zilikuwa za aina mbili. Wengine wanauliza, "Nesi, mimi nimeshaanza, sasa nile nini?" Swali zuri sana hilo. Wengine wananiandikia kwa furaha: "Nesi, siku hizi sisikii njaa kabisa, chai ya rangi asubuhi mpaka jioni, nimepungua kilo nne, namshukuru Mungu."

Hapo kwenye kumshukuru Mungu kwa kushinda na chai ndipo mimi na wewe tunapopishana, mama.

Niseme msimamo wangu mapema. Sina ugomvi na hizi dawa. Unene uliopitiliza ni ugonjwa, una homoni ndani yake, una kurithi ndani yake, na anayekuambia "acha uvivu ukimbie" hajawahi kukaa na mgonjwa wa kilo 110 mwenye presha na magoti yaliyochoka. Kama daktari amekupima akakuandikia, tumia, na usione aibu. Ugomvi wangu ni na huu mtindo wa mtu kupewa sindano bila kupewa hata neno moja kuhusu sahani yake. Anayekuuzia anakuonyesha pa kuchoma tumboni, anapokea hela, anaondoka. Kwangu mimi huyo amekupa nusu ya matibabu, tena nusu iliyo rahisi.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi. Ozempic na Wegovy dawa iliyomo ni moja, semaglutaidi. Mounjaro ni nyingine, tirzepataidi, lakini ni ndugu. Utumbo wako ukipokea chakula hutoa homoni inayoupa ubongo taarifa kwamba tumeshiba. Dawa hizi zinaiga homoni ya namna hiyo, ila zenyewe hukaa mwilini siku nyingi, ndiyo maana unachoma mara moja kwa wiki. Pia zinachelewesha chakula kutoka tumboni. Ndiyo hiyo sababu matonge matatu tu unasukuma sahani.

Sasa angalia. Dawa inajua kupunguza, haijui kuchagua. Haitakuambia acha andazi, kula yai. Ukiwa unakula maandazi mawili na chai, utakula andazi moja na chai. Kipimo kimepungua, lishe ni ile ile mbovu, na sasa iko nusu.

Utafiti mkubwa wa semaglutaidi uliotoka mwaka 2021 ulikuwa na watu wazima zaidi ya 1,900, na waliochoma dawa kwa wiki 68 walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Hiyo namba wauzaji wanaijua kwa moyo. Wasichokitaja ni kwamba watu wale muda wote walikuwa wanapewa ushauri wa chakula na mazoezi. Hawakuachiwa kalamu ya sindano na chai ya rangi.

Na uzito unaopungua si mafuta peke yake. Tafiti zilizopima miili ya watumiaji zinaonyesha kuanzia robo hivi mpaka asilimia 40 ya kilichopotea ni misuli na sehemu nyingine zisizo mafuta. Misuli ndiyo inayokubebea ndoo, ndiyo inayokunyanyulia mtoto wa kilo 14 anapolala kwenye daladala. Ukiipoteza ukiwa na miaka 32 utaitafuta ukiwa na 60. Na ukija kuacha dawa, uzito mara nyingi hurudi. Kundi la waliofuatiliwa baada ya kuacha lilirudisha kama theluthi mbili ya kilichopungua ndani ya mwaka mmoja. Unaporudi, mafuta hurudi haraka kuliko misuli.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na hili nalisema kama mwanamke wa hapa hapa, si kama nesi tu.

Nyumbani kwetu mama anakula mwisho. Tusidanganyane. Unapakua, baba finyango mbili, mgeni finyango, watoto moja moja, wewe unabaki na mchuzi na ukoko wa chini ya sufuria. Zamani njaa ilikuwa inakutetea. Ungerudi jikoni saa tatu usiku ukachemsha yai, ukala na ndizi, maisha yakaenda. Sasa umechoma sindano, njaa yenyewe imenyamaza, mchuzi na ukoko vinakutosha kabisa, na wala hakuna mtu mezani anayegundua kwamba mama hajala chakula cha maana tangu Jumatatu. Wanakuona unapungua, wanakusifia. Ndiyo maana nywele zinakatika mwezi wa tatu, kizunguzungu ukiinuka, damu inashuka. Halafu unaandika kuniuliza kama ni sumu ya dawa. Mara nyingi, mama, ni ukoko.

Kwa hiyo, ukitumia dawa hizi, finyango ya kwanza kutoka sufuriani ni yako. Ipakue kabla ya mtu yeyote, iweke pembeni, funika. Najua kuna nyumba hili litaleta maneno. Mwambie mzee dawa ya laki na kitu haifanyi kazi yake bila protini, na hela imeshatoka. Wanaume wengi wanaelewa hesabu.

Protini kiasi gani? Kwa mwanamke mzima anayetumia dawa hizi usishuke chini ya gramu 60 kwa siku, na wengi wanahitaji zaidi kulingana na uzito na afya ya figo zao, hivyo muulize anayekutibu. Ukisikia gramu usiogope. Mayai mawili yanakupa kama 12. Glasi ya maziwa mgando 8. Kipande cha samaki kinachojaa kiganja kama 20. Kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Konzi ya karanga 7. Jumlisha, umeshafika 62, na hakuna hata kimoja kilichotoka supamaketi. Ndiyo maana nachukia yale makopo ya unga wa protini wanayokuuzia pamoja na sindano. Tuna dagaa jamani! Dagaa wa Mwanza wakaoshwa vizuri, wakachemshwa na nyanya na ndimu badala ya kukaangwa mpaka wawe chipsi, wana protini na wana kalisiamu unapowatafuna na mifupa yao. Na kama unaishi Dar, supu ya pweza ya jioni ina protini nyingi na mafuta kidogo. Waache wanaume wacheke wanavyocheka kwenye kile kibanda, wewe kunywa supu yako.

Tumbo lako sasa lina nafasi ndogo, basi panga foleni. Anza na mboga ya protini, fuata majani, malizia na ugali au wali. Sisi tumezoea kinyume, tunamega tonge kubwa na kugusisha mchuzi. Ukianza na ugali utashiba kabla hujafika kwenye samaki. Tumia sahani ya mtoto, tafuna taratibu, na ukihisi dalili ya kwanza ya kushiba acha hapo hapo. Tonge moja la kulazimisha kwenye dawa hizi ndilo linalokufanya utapike usiku.

Na kula kwa saa, usisubiri njaa, maana njaa haiji. Saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni, na katikati kitu kidogo. Weka alamu kwenye simu kama unavyoweka ya swala au ya kumwamsha mtoto shule.

Vitu vya mafuta mengi vitakuonyesha vyenyewe. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu, sasa chipsi mayai ikikaa humo saa kadhaa unacheua harufu yake mpaka alfajiri. Vitumbua, sambusa, nyama yenye mafuta, punguza, hasa siku mbili tatu baada ya kuchoma na kila dozi inapopandishwa. Soda inajaza gesi tumbo ambalo limeshajaa. Juisi ya miwa ni sukari tupu, unajaza nafasi ya chakula kwa maji matamu. Kichefuchefu kikikubana, chai ya tangawizi isiyo na sukari nyingi huwasaidia wengi, na mtori ni rafiki yako: ndizi laini, nyama uisage humo humo, usiizidishie siagi. Uji wa ulezi wenye maziwa pia unapita vizuri.

Choo kigumu ndiyo malalamiko namba mbili kwenye meseji zenu. Maji, mama. Dawa inapunguza njaa na wengine inawapunguzia hata kiu, hivyo beba chupa yako na unywe kidogo kidogo kutwa. Papai, parachichi, matembele, kunde, dona badala ya sembe. Tembea. Na chai usinywe pamoja na chakula, iache walau saa moja ipite, kwa sababu inazuia madini ya chuma kufyonzwa, nawe una hedhi, damu unaihitaji. Kamulia ndimu kwenye mchicha, chuma kinaingia vizuri zaidi.

Kuna mambo si ya kula tangawizi ukasubiri. Maumivu makali ya tumbo yasiyokata, yanayopiga mpaka mgongoni, na kutapika: nenda hospitali leo, inaweza kuwa kongosho. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, au macho kuwa ya njano: mawe kwenye kifuko cha nyongo hutokea kwa wanaopungua haraka. Kutapika au kuharisha mpaka mkojo umekuwa mweusi na kidogo: figo ziko hatarini, nenda. Na kama una kisukari, unachoma insulini au unameza glibenklamaidi, ukila kidogo sukari inaweza kushuka vibaya, hivyo dozi zako zipitiwe na daktari kabla hujaanza, si baada ya kuanguka.

Mnaonyonyesha. Ninyi ndio mnaoniumiza roho, maana mnaanza mtoto akiwa na miezi mitatu eti mrudi kwenye gauni la kipaimara cha mdogo wenu. Usalama wa dawa hizi kwa mtoto anayenyonya haujathibitishwa, na mwili unaotengeneza maziwa unataka chakula zaidi, si pungufu. Subiri. Tumbo la uzazi si uchafu wa kuondoa haraka. Anayetafuta mimba, semaglutaidi iachwe angalau miezi 2 kabla. Na mnaotumia Mounjaro pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango, tafadhali msome mara mbili: dawa hiyo inaweza kupunguza nguvu ya vidonge. Mwezi wa kwanza, na wiki nne baada ya kila dozi kupandishwa, ongeza kondomu au hamia njia isiyo ya kumeza. Kijiti, kitanzi na sindano ya uzazi wa mpango hazina shida hiyo. Kumbuka pia uzito ukipungua, mayai yaliyokuwa yamelala yanaweza kuamka. Wapo waliokuwa wamekata tamaa ya mtoto wakajikuta na mimba wasiyoipanga wiki hiyo.

Kuhusu bei rahisi: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia ziliingia huko, yule anayekuletea kalamu ndani ya mkoba saa saba mchana kwenye joto la Kariakoo mimi simwamini. Dawa hii inatakiwa ikae kwenye friji kabla ya kufunguliwa.

Shughulini nako mnaniuliza mfanyeje, maana ukikataa pilau ya mwenyeji ni kesi. Pokea. Sema "nipimie kidogo, wifi, na nyama iwe juu." Kula nyama na kachumbari, wali gusa gusa, kinachobaki waombe wakufungie. Hakuna anayekasirika ukifungiwa chakula. Huna deni la kumweleza mtu unachoma nini.

Ila kuna mtu mmoja unayedaiwa maelezo, naye ni binti yako. Ana miaka minane, anakuona huli, anasikia mashangazi wanakupigia vigelegele kwa kupungua. Akikuuliza "Mama mbona huli?" usimjibu "mama anataka kuwa mwembamba". Mwambie mama anatumia dawa ya afya, tumbo lake linashiba haraka, ndiyo maana anakula mara nyingi kidogo kidogo. Halafu kaa naye, ule yai lako mbele yake mpaka liishe.

Sehemu ya tano nitaandika kuhusu mazoezi ya nyumbani ya kulinda misuli, ya kufanya na ndoo ya maji ya lita 10 na kiti cha plastiki. Maswali yenu yawekeni hapo chini, ya siri njooni inboksi. Na ukiniuliza, niambie kwanza leo umekula nini tangu asubuhi, kitu kwa kitu, hata kama ni chai.