Nyumba ya Pichani Haina Ufunguo

Mwezi uliopita mpwa wangu alitoka Lamu kwenda Nairobi kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Kabla ya kupanda basi alikuwa keshatuma kwa simu kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana, kwa chumba cha South C alichokiona pichani. Alipofika na sanduku lake, jengo alilikuta. Lakini chumba kilikuwa na watu wake, na bawabu hamjui huyo aliyejiita mwenye nyumba. Simu haikupokewa tena.

Ndugu msomaji, usimcheke. Zamani kijana wa pwani akienda ugenini, wazee walimwuliza swali moja: "Utafikia kwa nani?" Jina la mwenyeji ndilo lililokuwa dhamana yake. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha hufika kabla ya mtu, na dhamana ile tumeisahau. Tapeli aijua haja ya mwanagenzi: muda mfupi, fedha chache, na kazi yaanza Jumatatu. Humwambia, "Wako wengine wanne wanakitaka." Haraka ndiyo bidhaa auzayo.

Na kuiona nyumba kwa macho pekee hakutoshi. Wako waikodio kwa siku mbili, wakawaonyesha watu kumi, wakapokea amana kumi, kisha wakatoweka. Basi waulize majirani na bawabu mwenyewe ni nani. Dalali naye akuonyeshe usajili wake, kwani sheria ya Kenya ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, yamtaka asajiliwe. Simu nayo hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha malipo. Likiwa silo lililo katika mkataba, zuia mkono wako. Na mkataba usipokuwapo, hapana malipo.

Sisi tuliosoma chuoni twaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani: deni la muda liandikwe, na mashahidi wawepo. Tumeihifadhi ulimini, mikono yetu ikabaki mitupu. Mimi mwenyewe nilimwombea mpwa wangu dua ya safari, nisimwulize alalapo. Nina jamaa Pangani. Angalitembea nusu siku tu, akaubisha mlango ule.

Leo kijana analala sebuleni kwa jamaa huyo huyo. Enyi wenye watoto waendao mafunzoni, waulizeni kabla hawajatuma hata shilingi moja: utafikia kwa nani?