Alama Zenye Utata Katika Mazoezi ya Klarineti

Wako walimu wa muziki ambao, mwanafunzi akiwauliza kama noti fulani ni shapu au si shapu, hujibu upesi: "Piga kama ilivyoandikwa." Jibu hilo lina sauti ya nidhamu, lakini mara nyingi halijibu lolote, kwa kuwa swali limezuka kwa sababu maandishi yenyewe hayasemi wazi. Kwa maoni yangu, utata wa namna hii haufai kufichwa. Uingizwe katika somo.

Tuchukue mazoezi 32 ya Cyrille Rose (1830–1902), ambayo wanafunzi wa klarineti huyatumia katika nchi nyingi. Rose, aliyefundisha katika Konsavatwari ya Paris, aliyachota kwa sehemu kubwa katika mazoezi 48 ya Franz Wilhelm Ferling, mpigaji wa obo wa mjini Braunschweig. Wala hakuyanakili tu, bali aliyarekebisha yafae klarineti. Muziki uliopita mikononi mwa mtunzi, mrekebishaji, mchongaji wa chapa na wahariri, ni ajabu gani alama moja ikipotea njiani?

Kanuni tuijuayo yasema kwamba alama ya kupandisha au kushusha noti hudumu hadi mwisho wa kipimo, na katika oktava ile ile tu. Wachapaji wa zamani hawakuishika kanuni hiyo kwa namna moja. Chukulia kipimo katika ufunguo wa C: G ya chini ina shapu, G ya juu haina alama, na muziki unaelekea kutua kwenye A maina. Kanuni yataka G ya juu ibaki bila shapu. Mwendo wa muziki wadai shapu. Mwanachuo aliyelelewa kwa solfa hukwama hapa, naye hana lawama, kwani katika solfa kila noti iliyobadilishwa ina jina lake: so iliyopandishwa ni "se", ti iliyoshushwa ni "ta". Hakuna alama ya kukumbuka hadi mwisho wa kipimo. Badala ya kuidharau solfa, kama wafanyavyo baadhi yetu, tuitumie. Darasa liimbe la–se–la, kisha la–so–la, nao wanafunzi waeleze ipi inatua vizuri zaidi na kwa nini.

Hata hivyo, sikio hupenda lililolizoea, na mtunzi aweza kuwa alikusudia jambo geni. Kwa hiyo itafutwe sehemu inayofanana na hiyo katika zoezi lile lile, na chapa nyingine, hata ya Ferling ikipatikana. Kama ufunguo umehamishwa, hulinganishwa hatua baina ya noti, si majina ya noti.

Mapambo yana shida yake. Carl Philipp Emanuel Bach, katika kitabu chake cha mwaka 1753, alifundisha kwamba trili huanzia noti ya juu. Hummel, mwaka 1828, alitaka ianzie noti yenyewe. Mazoezi ya Rose ni ya karne ya 19, nami huona heri kuanzia noti yenyewe, isipokuwa muziki ukionyesha vinginevyo. Alama ndogo iliyowekwa juu ya pambo la kuzunguka noti huhusu noti ya juu, na iliyowekwa chini huhusu ya chini. Pasipo alama, ufunguo ndio unaoamua, ingawa wapigaji wengi huipandisha noti ya chini iwe nusu hatua tu. Hapo pana hiari.

Tena jambo hili si la nadharia tupu. Katika klarineti, trili ya nusu hatua na ile ya hatua nzima hudai vidole tofauti. Mtoto aliyerudia trili isiyo sahihi kwa majuma matatu huwa ameifundisha mikono yake, na kuifundua ni kazi nzito kuliko kuifundisha.

Basi mwalimu atofautishe waziwazi mambo matatu: lililo kanuni, lililo kosa la chapa kwa uwezekano mkubwa, na lililo chaguo lake mwenyewe. Uamuzi uandikwe kwa penseli, si kwa wino, na penye shaka iwekwe alama ya kuuliza pembeni. Mwanafunzi akija siku nyingine na sababu bora kuliko ya mwalimu, penseli hufutika.