Kitabu Kwenye Mkoba wa Biharusi



Wanaonijua wanajua kuwa ukija kwangu kupimwa nguo utaondoka na risiti na kitabu. Ni mwaka wa tisa sasa. Skuli niliishia fomfoo, nikaenda kujifunza cherahani, na pesa ya mashela ndiyo iliyoninunulia vitabu, kimoja kimoja. Rafu ipo pembeni ya kioo, pale biharusi anaposubiri nimalize kumtia pini mwenziwe.

Miaka ya mwanzo nilikuwa na woga. Mabiharusi nikiwapa vitabu vya dua na adabu za ndoa, na anayetaka hadithi nampa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, maana upelelezi haumuudhi mama wa mtu. Ni vitabu vizuri, Mzimu wa Watu wa Kale nimekisoma mara tatu. Lakini vile ninavyovipenda hasa nilikuwa navificha chini ya vitambaa.

Kimoja ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi hapa kwetu Unguja, anaozwa Bwana Raza aliyemzidi umri kwa mbali, bila ya mwenyewe kumtaka. Baadaye anafanya mengi ambayo mimi kama Muislamu siyakubali, na kila anayeazima namwambia hivyo. Mwaka juzi biharusi mmoja alikiona, akaniomba, nikampa.

Wiki haijesha, mama yake akaja. "Fundi, nimekuletea mtoto umshonee, sikukuletea umsomeshe." Akachukua shela na vitambaa vya sare vya ndugu zake, kumi na mbili, akapeleka kwa fundi mwengine. Nilinyamaza, nikamwambia nisamehe mama. Mwezi ule kodi ya duka nililipa kwa kukopa.

Kosa la yule binti lilikuwa nini? Aliuliza. Alikuwa bado miaka miwili amalize chuo cha ualimu, akauliza kama mume ameulizwa iwapo atamwacha aendelee. Hakuna aliyemuuliza. Wazee wa huku walidhani ameulizwa kwao, wa kule walidhani huku hakuna neno. Mama akaona kitabu kimemtia mwanawe ujuba.

Mimi sioni hivyo. Somo atakufundisha singo, udi na namna ya kumpokea mume, na simdharau. Wangu alipofariki nilimlia kama mama. Lakini kuuliza nani anatufundisha? Dini yetu imesema bikira aombwe idhini yake, na kunyamaza kwake ndiyo kuridhia. Sisi tumeishika ile ya kunyamaza, ya kuombwa tumeiacha. Binti akifungua mdomo kabla ya nikaha tunasema ana ujuba. Akifungua baada ya miaka mitatu, na mtoto mkononi, tunasema hana subira.

Utengano cha Said Ahmed Mohamed nilikisoma kwa ajili ya mtihani, nikajibu maswali ya dhamira na wahusika, basi. Nilipokirudia nina miaka ishirini na saba, binti yangu kalala mapajani, nilishindwa kushona siku ile. Maimuna baba yake amemfungia ndani akidhani ndiyo kumhifadhi, na anapotoka hajui mtu mwema wala mbaya, kwa sababu hajawahi kuachiwa kumjua yeyote. Kinamama wengine wananiambia kitabu kile kina mambo machafu. Yamo kweli. Lakini nauliza, ni bora mtoto akutane nayo kwenye karatasi akiwa kwa mama yake, au akutane nayo mlangoni kwake?

Yule binti aliolewa salama. Mume aliulizwa, akasema hana kipingamizi, kumbe lilikuwa jambo la dakika tano. Mama yake hajarudi dukani, lakini tukikutana sokoni tunaamkiana vizuri.

Siku hizi sifichi tena kitu chini ya vitambaa, ila biharusi anayetaka kuazima namwambia amuoneshe mama yake kwanza. Wengine mama ndiye anayemaliza kabla ya mtoto. Vuta N'kuvute kiko nje, na wako watatu wanakisubiri. Mungu Hakopeshwi cha Zainab Alwi Baharoon, mwanamke mwenzetu wa Zanzibar, kipo, njooni mukichukue. Na aliyekaa na Kuli yangu tangu Ramadhani iliyopita anirudishie. Simtaji, anajijua.